Mmiliki wa kihatarishi ni nani?

Katika chumba cha jenereta cha kiwanda cha barafu ninakofanyia kazi, jijini Dar es Salaam, kuna fimbo iliyotiwa alama za chaki ambayo mzee wetu wa zamu huitumbukiza kwenye tangi la dizeli kila jioni, kuitoa, na kuipeleka chini ya taa ili aone mafuta yameishia wapi. Tangi lina kipimo chake cha kioo, lakini kioo hicho kiliingia ukungu miaka mingi iliyopita na hakuna aliyejishughulisha kukibadilisha. Mwishoni mwa mwaka 2023, wakati wa mgao wa umeme, fimbo hiyo ndiyo iliyokuwa ikituamulia mambo.

"Shikamoo, Mzee. Leo tuna kiasi gani?"

"Marahaba, mwanangu. Shibiri moja na vidole vitatu."

Shibiri moja na vidole vitatu ilikuwa sawa na saa tisa hivi za kuendesha kompresa. Umeme ukikatika saa mbili usiku na dizeli ikatufikisha alfajiri, tungekuwa na barafu ya kuwauzia wavuvi na wachuuzi wa samaki. Ikiishia njiani, maji ya chumvi yanayozunguka makopo ya barafu yangepata joto, na barafu ambayo haijagandia hadi katikati haiuziki, kwani hupasuka mikononi mwa mpakiaji.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuratibu usimamizi wa vihatarishi, yaani mambo ambayo bado hayajatokea lakini yakitokea yatakwamisha malengo ya kampuni. Huyaandika katika daftari lenye safu za chanzo, athari, uwezekano wa kutokea na hatua za udhibiti, na mwishoni kuna safu ambayo kila idara huijaza haraka kuliko nyingine zote: mmiliki wa kihatarishi. Humo huandikwa cheo cha mtu. Kwa kukatika kwa umeme tuliandika "Meneja Uzalishaji", na daftari likapitishwa. Usiku ule nilipokuwa nimesimama na mzee nikiitazama fimbo, nilitambua kwamba meneja alikuwa amelala kwake, mshahara wake haukuwa na shaka yoyote, na aliyekuwa akisubiri kupoteza kitu ni mchuuzi wa samaki ambaye jina lake halimo katika daftari letu hata mara moja. Tangu hapo nimekuwa nikiisoma historia ya umeme wetu kwa kuuliza swali hilo la safu ya mwisho, na kila ninapofika naona jambo lile lile: tunapojiokoa na kihatarishi kimoja hatukifuti, bali tunakihamisha, na mara nyingi kinamwangukia mtu ambaye hakuwepo mezani.

Wenzangu wa umri wangu watakumbuka miaka ambayo taarifa ya habari ilikuwa ikitusomea kina cha Mtera kana kwamba ni hali ya mgonjwa wa taifa. Bwawa hilo likijaa, uso wa maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na ukishuka hadi mita 690 mitambo haipaswi tena kuendeshwa. Mita nane na nusu ndiyo iliyokuwa fimbo ya nchi nzima, kwa sababu maji ya Mtera hayaishii kwenye megawati 80 za Mtera penyewe, bali huteremka na Ruaha Mkuu hadi Kidatu, ambako huzalisha megawati 204. Ukame wa mwaka 2005 na 2006 ulipolifikisha bwawa pabaya, serikali ilitafuta mitambo ya dharura kwa haraka, na miongoni mwa mikataba iliyotiwa saini ni ule wa kampuni ya Richmond wa megawati 100, uliochunguzwa na kamati ya Bunge na kumfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Mengi yamesemwa kuhusu siasa za jambo lile, nami sina la kuongeza. Kinachonishughulisha ni kwamba kihatarishi cha mvua kiligeuzwa kuwa kihatarishi cha mkataba. Mvua isiponyesha, angalau haikutozi kitu. Mtambo wa kukodi hulipiwa kwa kuwepo tu, uwashwe usiwashwe, na mvua zikirudi nchi huwa bado inadaiwa.

Gesi ilipunguza adha hiyo kwa kiasi kikubwa, na ingekuwa dhuluma kutosema hivyo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kuzalisha umeme mwaka 2004, miaka 30 baadaye, na bomba la kutoka Mtwara lilipofika Dar es Salaam mwaka 2015 mitambo ya Kinyerezi ikapata lishe ambayo haitegemei mawingu wala meli za mafuta. Wakazi wa Mtwara walipoandamana mwaka 2013 kupinga gesi kusafirishwa, wengi huku mjini tuliwaona kama watu wasioelewa maendeleo. Leo nadhani walikuwa wakiuliza swali la safu ya mwisho kutoka upande wa pili: kama faida itahamia kwingine, sisi tutabaki wamiliki wa nini?

Sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere. Mkataba wake ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri kwa gharama ya takriban shilingi trilioni 6.5, ujazaji wa maji ukaanza Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi Februari 2024, na mitambo yote tisa ikakamilika mwaka 2025. Kila mtambo una megawati 235, jumla megawati 2,115, kiasi ambacho peke yake kinazidi mahitaji ya juu kabisa ambayo nchi ilikuwa imewahi kuyafikia mradi ulipoanza, na ni kama nusu ya uwezo wote uliofungwa katika gridi ya Taifa leo. Mgao uliokuwa ukitukeshesha na fimbo yetu, wakati upungufu uliotangazwa ulipokaribia megawati 400, ulimalizwa na bwawa hili. Mimi ni mnufaika wake na ninalisema hilo bila kigugumizi.

Hata hivyo, chukua ramani ya mito ukae nayo kwa dakika tano. Mtera na Kidatu zipo kwenye Ruaha Mkuu. Kihansi, yenye megawati 180, inatumia mto unaoingia Kilombero. Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu ndiyo inayoufanya Mto Rufiji, na Bwawa la Nyerere limekaa kwenye Rufiji, chini ya maungano hayo. Kwa maneno mengine, vituo vyetu vinne vikubwa vya maji vinakunywa katika bonde moja. Katika daftari la vihatarishi vituo hivyo huonekana kama mistari minne, na mtu anayehesabu mistari atajipongeza kwa kutawanya mzigo, ilhali wingu likikosekana juu ya bonde hilo mistari yote minne inakauka pamoja. Ni kweli kwamba bwawa jipya lina nafasi ya zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, hivyo linaweza kuhifadhi maji ya msimu mzuri kwa ajili ya msimu mbaya kuliko Mtera ilivyoweza kufanya. Lakini ukubwa wa mtungi haukuhakikishii kisima. Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kila kiangazi tangu miaka ya 1990, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni matumizi ya maji huko juu katika uwanda wa Usangu, na mto unaochangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji ni Kilombero, ambao nao una mashamba ya miwa na mpunga yanayopanuka. Ukiniuliza mimi, mlinzi muhimu zaidi wa mitambo ile tisa hayupo kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Yupo Mbarali na Ifakara, anafungua na kufunga mfereji wa kumwagilia, na hakuna daftari la umeme lenye cheo chake.

Lipo pia jambo la ukubwa wa kifaa kimoja. Wahandisi wa gridi wana kanuni ninayoipenda kwa unyofu wake: upange mambo yako kiasi kwamba kifaa kikubwa kuliko vyote kikitoka ghafla, vilivyobaki vibebe mzigo bila kuanguka. Mtambo mmoja tu wa Nyerere ni mkubwa kuliko Kidatu yote yenye mitambo minne. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, yaani kwa masafa ya hezi 50. Mtambo mkubwa ukitoka, masafa hushuka ndani ya sekunde, vifaa vya ulinzi hukata baadhi ya maeneo ili kuokoa mengine, na visipowahi, mitambo mingine nayo hujitoa ili isiharibike, mmoja baada ya mwingine. Majirani zetu wa Kenya walilionja hilo Juni 2016, tumbili alipoanguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru: mitambo mingine ilizidiwa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakaa gizani kwa karibu saa nne. (Tumbili alinusurika. Kila ninapotoa mafunzo ya vihatarishi, hilo ndilo jambo la kwanza ambalo washiriki huuliza.) Hapa kwetu, alfajiri ya Aprili 1, 2024, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya Taifa ilipata hitilafu na mikoa mingi ikaamka bila umeme, katika kipindi ambacho kwa mara ya kwanza tulikuwa tukiambiwa kwamba umeme unazidi mahitaji. Kiwandani kwetu siku hiyo hakuna aliyekuwa ameipima dizeli kwa wiki tatu.

Umeme mwingi ukiwa mbali na mtumiaji huleta hesabu nyingine. Umeme wa Rufiji hutoka kwa laini ya kilovoti 400 hadi kituo cha kupozea umeme cha Chalinze, kilomita 160 hivi, na kutoka hapo bado una safari ndefu kufika Moshi na Arusha. Machi 2025, akiwa mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa hoja kwamba upotevu wa umeme njiani unagharimu shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Mitandaoni watu walicheka sana: tumejenga bwawa kubwa halafu tunanunua kwa jirani. Mimi sikucheka. Ukishakuwa na nusu ya uwezo wako mahali pamoja, kuwa na mlango wa pili upande wa kaskazini ni busara, ili mradi mkataba wa mlango huo usituweke tena pale pa kulipia tusichokitumia.

Kenya wana somo chungu kuhusu hilo. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulikamilika mwaka 2017, lakini laini ya kuusafirisha umeme huo kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika Septemba 2018, baada ya kampuni ya Hispania iliyokuwa ikiijenga kufilisika. Kwa zaidi ya mwaka mmoja upepo ulivuma na mapanga hayakuwa na pa kupeleka umeme, na kwa kuwa mkataba uliuweka ucheleweshaji wa laini upande wa serikali, serikali ikalazimika kukubali kulipa fidia. Mwekezaji hakufanya kosa lolote hapo. Alifanya nilichofundishwa mimi kukifanya, yaani kumpa kihatarishi anayeweza kukibeba. Lakini "serikali" katika sentensi hiyo ni kinyozi wa Nakuru anayelipa bili yake ya umeme. Halafu, Oktoba 2021, mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana bila kufuata utaratibu, katika shauri lililofunguliwa na wakazi wa Marsabit. Nishati ilikuwa safi, na bado kulikuwa na watu walioona wamepunjwa. Wanaodhani kwamba kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye upepo na jua kunafuta maswali ya haki, waanzie hapo.

Nimefika kwenye neno uendelevu, ambalo katika ripoti za kampuni nyingi ni ukurasa wenye picha ya mche mkononi mwa mtoto. Mfano wangu wa uendelevu ni chura. Mwaka 1996, wakati mradi wa Kihansi ukiendelea, watafiti waligundua katika korongo la maporomoko hayo chura wa manjano mdogo kuliko ncha ya kidole gumba, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai, na ambaye makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache za mimea iliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mitambo ilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ilipelekwa kwenye bomba la kuzalisha umeme, manyunyu yakapungua, na nchi ikajikuta ikifunga mfumo wa mabomba ya kunyunyizia korongo ambalo mto ulikuwa ukilinyunyizia bure. Idadi ya vyura ilipanda tena kwa muda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka, na ugonjwa wa kuvu ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Anaishi leo kwa sababu takriban vyura 500 walikuwa wamepelekwa Marekani kufugwa katika bustani za wanyama, ambako walizaana hadi wakarudishwa, kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kisha, kuanzia mwaka 2012, korongoni kwao.

Kwa miaka mingi nimesikia watu wakimfanyia mzaha chura huyo: nchi ina giza, wazungu wanahangaikia chura. Mzaha huo nami niliucheka. Lakini liangalie jambo lenyewe kama mtu wa daftari. Athari haikuwa imeandikwa popote kwa sababu kiumbe hakikuwa kinajulikana. Gharama ikaja baadaye, kwa miaka mingi, kwa fedha za kigeni. Na mpaka leo kituo cha megawati 180 kinapaswa kuacha sehemu ya maji yake yapite kwa ajili ya korongo.

Ukiona chura ni mdogo mno, nenda Rufiji. Katika mabonde ya huko kuna kilimo kiitwacho mlau: mto hufurika, hupungua, na mkulima hupanda mahindi na kunde katika tope lililoachwa, bila mbolea na bila kungoja mvua. Kwa mkulima huyo mafuriko ya wastani si maafa, ni trekta lake. Mafuriko ya Aprili 2024, ambayo mvua za El Niño zilikuwa chanzo chake, hayakuwa ya wastani. Yalizamisha nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na mjadala mkali ukazuka kuhusu maji yaliyofunguliwa bwawani, serikali ikieleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Hoja hiyo ina mantiki, kwa sababu bwawa kweli hupunguza kilele cha mafuriko. Swali langu ni la miaka isiyo na habari, ile ambayo mto utateremka taratibu mwaka mzima kwa mahitaji ya mitambo, tope likibaki nyuma ya ukuta wenye kimo cha mita 131 na mikoko ya delta ikipokea maji matupu. Hakuna atakayepiga picha ya mahindi ya mlau ambayo hayakupandwa.

Inanibidi niseme pia kuhusu jikoni, kwa sababu kwa familia nyingi sekta ya nishati maana yake ni gunia la mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya kilo sita imesambaa mpaka vijijini. Naunga mkono, nimeona macho ya mama yangu baada ya miaka 40 ya moshi. Lakini gesi ya mtungi, tofauti na ile ya Songo Songo, huja kwa meli na hununuliwa kwa dola, kwa hiyo mama aliyekuwa akihofia bei ya gunia sasa anahofia bei ya dunia. Jirani yangu ana mtungi, jiko dogo la umeme alilolipata kwa mkopo wa kikundi, na jiko la mkaa alilolificha chini ya sinki, limefutwa majivu na kuvikwa mfuko wa plastiki. "Mwanangu," aliniambia, "gesi huwa inaisha maharage yakiwa nusu." Katika kampuni za nishati nilizowahi kuzisikia zikieleza mikakati yao ya kutawanya vyanzo, sijakutana na iliyofikiriwa vizuri kuliko hiyo, wala na ushahidi mkubwa zaidi wa nani anayebeba gharama ya kuwa na vitu vitatu pale ambapo kimoja kingetosha.

Mwaka huu, katika kikao cha mapitio, menejimenti ilipendekeza tuuze jenereta zote mbili kwa sababu umeme sasa ni wa kutosha, na ikaniomba nikihamishe kihatarishi cha kukatika kwa umeme kutoka rangi nyekundu kwenda kijani. Tulibishana kwa saa nzima. Mwishowe tuliuza moja, kwa fedha yake tukaongeza unene wa kuta za chumba cha baridi ili barafu ikae saa nyingi zaidi bila umeme wowote, na rangi ikawa ya njano. Katika safu ya mwisho nilifuta "Meneja Uzalishaji" na kuandika mistari miwili: kampuni, kwa saa 14 za kwanza; wateja wetu wa barafu, baada ya hapo. Mkurugenzi alisema hilo si jibu linalokubalika katika fomu, na amenipa hadi robo ijayo nilete cheo cha mtu mmoja.

Jenereta iliyobaki inawashwa kila Jumamosi kwa dakika kumi. Mzee bado anatumbukiza fimbo. Juzi ilitoka na shibiri nne, akaichora alama mpya.